Leso ya Diski Tano

Alhamisi ile stima ilipotea mara mbili kabla ya saa tisa. Mara ya kwanza ilirudi kwa upole, kama mtu aliyesahau kofia yake. Mara ya pili ilirudi kwa kishindo: balbu za masjala ziliwaka nyeupe kuliko zilivyowahi kuwaka, feni ikazunguka kama inayofukuzwa, na chini ya meza yangu kitu kikasema ta! Sauti ndogo tu, kama njugu inayopasuka kwenye kikaango. Kisha ikaja harufu ya plastiki iliyoungua. Niliinama nikaiona seva, lile sanduku jeusi nililolipangusa vumbi kila asubuhi, imenyamaza kimya. 

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nami nilikuwa karani wa rekodi katika hospitali ndogo ya misheni mjini Machakos. Kwa siri nilikuwa mwandishi wa riwaya. Siri hiyo ilijulikana na hospitali nzima, kwa kuwa niliandika sura zangu nyuma ya fomu za maabara zilizoharibika, na mara moja ukurasa wa mapenzi ulikwenda wodini pamoja na majibu ya mkojo. Jumamosi nilikutana na vijana wenzangu, tukasomeana tuliyoyaandika na kugombana juu ya sentensi. Nilirudi kutoka huko nikiwaka moto, nikiamini kwamba dunia ingeweza kubadilishwa wiki ijayo, na kwamba mahali pa kuanzia ni masjala ya hospitali.

Ndivyo nilivyomshawishi Sista mkuu tuache karatasi.

Nilimweleza jinsi seva ile inavyofanya kazi. Ndani yake kuna diski tano, zimesimama kama vitabu rafuni. Ukiandika jambo, haliwekwi mahali pamoja. Linakatwa vipande, kimoja huku, kingine kule, na pamoja navyo kipande cha akiba, hivi kwamba diski moja ikifa, nne zilizobaki zinaweza kukisia alichokuwa nacho marehemu na kukiandika upya. Anayekata na kugawa ni kadi moja ndogo iliyochomekwa ndani ya sanduku. Kadi hiyo ndiyo inayojua nani kapewa nini.

“Kwa hiyo diski moja ikifa hatupotezi kitu?” Sista aliuliza.

“Hata herufi moja, Sista.”

Alikubali. Tulianza na kliniki ya macho. Sikuwa nimejiuliza, na hakuna aliyeniuliza, itakuwaje akifa mgawaji.

Mtu pekee aliyenuna alikuwa mama wa masjala. Alikuwa amekaa kwenye chumba kile tangu kabla sijajua kusoma, mwanamke wa Katangi, mkulima na mjane, aliyekuja mjini kufanya kazi na hakuacha kunukia moshi wa kuni. Mimi nilimwita mwaitu, kama tunavyomwita mama yeyote tunayemheshimu kwetu. Aliangalia kompyuta yangu siku ya kwanza akasema, “Hii kitu yako ikilala, tutaamsha na nini?” Kisha akaniletea mahindi ya kuchoma ili nisikasirike.

Mwaitu alikuwa na mambo yake. La kwanza, hakuhesabu viumbe. Kwao, na kwetu pia kwa wazee, ukihesabu watoto au ng'ombe unaita msiba uje kupunguza. Ukimuuliza wagonjwa wangapi wako nje, alikujibu, “Benchi imejaa na mkeka imejaa.” Ukimuuliza ana watoto wangapi, alisema, “Wako.” La pili lilikuwa siri, na hiyo ilikuwa siri kweli: alikuwa haoni vizuri. Mtoto wa jicho alikuwa amefunika jicho la kushoto kabisa na alikuwa amefika nusu ya jicho la kulia. Majalada aliyajua kwa vidole, kwa kona zilizokunjika, kwa mahali yalipolala. Majina mapya nilimsomea mimi, kwa sauti ya chini, nikijifanya ninajisomea.

Mwezi mmoja kabla ya Alhamisi hiyo, alimpa mama mmoja kadi ya mama mwingine. Muuguzi aliligundua kosa kabla dawa haijatolewa, lakini Sista alimwita ofisini. Sista hakuwa mkatili. Alimwambia kwamba daktari wa macho angekuja mwezi uliofuata, Ijumaa, siku moja tu. “Ukifanyiwa operesheni ukaona, kiti chako kipo. La sivyo, mama, utapumzika nyumbani.” Mwaitu alitoka akaniambia huku akicheka, “Nitaenda Katangi kuangaliana na kuku. Lakini hata kuku sitaiona.” Alicheka peke yake.

Ndiyo maana harufu ile ya plastiki ilinitisha. Daktari wa macho hawezi kuweka lenzi ndani ya jicho bila kujua nguvu yake, na nguvu hiyo hutokana na kipimo: urefu wa jicho na mviringo wake. Mashine ya kupimia tuliiazima. Ilikuja Jumanne, ikapima wagonjwa wote, na jioni ileile ikapakiwa kwenda Kitui. Fundi wake alisoma namba kwa sauti, nami nikaziandika moja kwa moja kwenye kompyuta. Karatasi hapana. Nilijivunia jambo hilo hata nikakataa karatasi aliyotaka kuniachia. Nilikuwa nimeandika namba za mwaitu kwa vidole vyangu mwenyewe na sasa, nikiwa nimepiga magoti mbele ya sanduku lililokufa, nilijaribu kuzikumbuka. Sikupata hata moja. Nilikuwa nimeziandika bila kuzisikia.

Nilichomoa waya ukutani, nikatimua mbio kuteremka mjini.

Fundi wa kompyuta tuliyemtegemea alikuwa na duka dogo nyuma ya soko. Babu yake alitoka pwani kuja kufanya biashara Machakos na familia ikabaki, basi Kiswahili chake kilikuwa cha kusikilizwa hata akikutukana. Alikuwa anakunywa chai ya tangawizi.

“Bwana mwandishi! Umekimbizwa na wahusika wako?”

Nilimweleza nikihema. Hakucheka tena. Aliuliza maswali matatu, akaweka kikombe chini.

“Hiyo ni kadi iliyoungua, na kisambaza umeme cha sanduku nacho sikitumainii. Diski zenyewe huenda ni nzima. Lakini kadi ya aina ile haiuzwi tena. Kuna duka moja Nairobi wana kadi ya kampuni nyingine. Mguu wako wa kwanza uwe huo, sasa hivi, wanafunga saa kumi na mbili.”

“Ya kampuni nyingine itajua kusoma?”

“Usiniulize hilo ukiwa umesimama.” Alichukua funguo zake. “Mimi nitapanda hospitali jioni nipime umeme wa sanduku. Sitaki diski ziwe ndani nikipima. Mwambie mtu azitoe. Aziwekee alama, moja hadi tano, kwa jinsi zilivyokaa. Kwa jinsi zilivyokaa, umesikia? Zikichanganyika, tumekwisha.”

Nilitumia simu yake kupiga masjala. Mwaitu akapokea, kama kawaida kwa kupiga kelele, maana aliamini waya unameza nusu ya maneno. Nilimwambia avute vishikio, kila diski itateleza kama droo, aifunge kwa kitu safi, aiwekee alama. “Moja hadi tano, mwaitu.”

“Nimesikia,” akasema.

Na alikuwa amesikia. Ila hakusema kwamba atahesabu.

Nilirudi kutoka Nairobi na kadi ndani ya shati, imelala kifuani kwangu kama barua. Asubuhi ya Ijumaa, saa mbili na nusu, nilikuta benchi imejaa na mkeka umejaa. Wazee kwa mabibi, kila mmoja na kipande cha plasta kwenye paji la uso juu ya jicho litakalopasuliwa. Muuguzi alikuwa amekwisha kuwatia dawa ya kupanua mboni, basi walikaa wameinamisha vichwa kuukwepa mwanga. Mwaitu alikuwa mwisho wa benchi, amevaa gauni lake la kanisani, mabega wazi. Sikuwahi kumwona bila leso mabegani. Nililiona hilo nikapita.

“Wakya,” alinisalimu, aliposikia viatu vyangu.

“Aa.”

“Unatembea kama mtu ameiba.”

Ndani ya masjala fundi alikuwa ameshafungua sanduku na kubadilisha kisambaza umeme. Juu ya meza yangu zilikuwa zimelala diski tano, kila moja imefungwa kwenye kipande cha kitambaa chekundu chenye maua, na juu ya kila fundo plasta ya hospitali iliyoandikwa kwa herufi kubwa zilizopinda.

“Nilizikuta zimelala, sikuziamsha,” fundi alisema. “Ila niambie, mwandishi, hizi nani kazizaa?”

Nilisoma. Plasta ya kwanza: KIFUNGUA MIMBA. Nyingine: KITINDA MIMBA. Na tatu zilizobaki, zote tatu, ziliandikwa kitu kimoja: WA KATI.

Nilitoka nje nusu nikimbie.

“Mwaitu, nilikwambia moja hadi tano.”

“Ulisema.” Aliinua uso, mboni zake pana, zikinitafuta mahali nisipokuwa. “Lakini zilitoka na joto, kijana wangu. Joto kama mtoto. Mkono yangu ilikataa kuandika namba. Nikasema hizi zimebeba macho ya watu, kesho wanapasuliwa, mimi nizihesabu?”

“Sasa wa kati wako watatu na hatujui nani anamfuata nani.”

“Si wote ni wa kati?”

Bibi aliyekaa kando yake akaitikia kwamba ni kweli, wa kati ni wa kati, yeye mwenyewe ni wa kati. Nilirudi ndani.

Fundi alikuwa amezifungua zote na kuzilaza kila moja juu ya kitambaa chake, kama maandazi yanayosubiri mafuta. Ile kadi mpya alikuwa ameichomeka. Alinieleza polepole, na kadiri alivyozidi kuwa mpole ndivyo nilivyozidi kuogopa.

“Kadi iliyokufa iliweka hesabu yake yote kichwani mwake. Kwenye diski haikuacha hata mstari wa maelezo. Hii mpya haiwajui hawa. Lazima mimi niiambie: hizi ni tano, wa kwanza huyu, wa pili huyu, na kila kipande kina ukubwa fulani. Ukubwa unaujua?”

Nilifungua daftari langu la riwaya. Siku tulipoifunga seva nilikuwa nimeandika pembeni, kando ya maelezo ya mvua: vipande, sitini na nne. Kwa nini niliandika hilo na sikuandika lingine lolote, sijui hadi leo.

“Alhamdulillahi. Sasa mpangilio. Kwa wa kati watatu kuna njia sita za kuwapanga.”

“Basi tujaribu zote sita.”

“Hapo ndipo shida ilipo.” Aligonga kadi kwa ukucha. “Hii ina pupa. Ukishaiambia mpangilio, inaanza yenyewe kukagua vipande vya akiba na kuviandika upya. Haiombi ruhusa. Mpangilio ukiwa sawa, itaandika kilekile kilichokuwepo, hakuna lililoharibika. Ukiwa si sawa, itaandika upuuzi juu ya namba zako. Nikigundua na kuzima, itakuwa imeshakula sehemu. Na pale mwanzo ndipo orodha ya mafaili inapokaa.”

“Tungezinakili kwanza kwenye diski nyingine.”

“Unazo tano?”

Sikuwa na hata moja.

“Basi tuna mara moja,” alisema. “Na saa sita na nusu mimi naenda kuswali, tumepata tusipate.”

Mlango ulifunguliwa. Alikuwa daktari wa macho, mtu mfupi mwenye mikono safi mno, na nyuma yake Sista. Daktari aliuliza kama orodha iko tayari. Nilisema karibu. Sista aliangalia diski zilizolala kwenye vitambaa vyekundu, akaniangalia mimi, na katika uso wake niliyaona maneno yangu yote, hata ile “herufi moja”.

“Daktari,” Sista aliuliza, “huwezi kutumia lenzi ya kawaida tu?”

“Naweza. Mmoja ataona, watatu wataona kama wamevaa miwani ya jirani. Mimi sipendi kukisia jicho la mtu. Nikipata vipimo kabla ya saa saba nitafanya wote. Saa kumi na moja lazima niwe barabarani.”

Walitoka. Ilikuwa saa nne na robo.

Tulizikagua diski kwa kurunzi. Zilifanana kama mayai ya kuku mmoja: kiwanda kimoja, mwezi mmoja, vumbi moja. Fundi alitafuta mikwaruzo. Mimi nilitafuta ishara, kwa kuwa ndivyo nilivyofundishwa na vitabu, kwamba kila kitu kina ishara yake. Diski zile hazikuwa nayo. Saa tano ilifika. Jasho la fundi lilidondoka mezani, naye akavuta kitambaa kilichokuwa karibu, akajifuta uso. Nilifikiria kuchagua tu. Moja kati ya sita. Nilifikiria pia kutoka kwa mlango wa nyuma na kupanda kilima cha Mumbuni hadi kwangu, nisirudi tena.

Nilitoka kwa mlango wa mbele. Nilitaka kumwambia mwaitu kabla hajaambiwa na mwingine. Nilichuchumaa mbele yake.

“Mwaitu, pengine leo haitawezekana. Ni makosa yangu. Ile karatasi ningeipokea.”

 Mikono yake ilikuwa ikitembea mabegani ikitafuta kitu cha kujifunika.

“Basi mnirudishie leso yangu,” alisema. “Hata kama ni vipande. Nitashona nivae nikienda nyumbani.”

“Ile ilikuwa leso yako?”

“Ningefunga na nini? Shuka ni za Sista, zinahesabiwa. Leso yangu haihesabiwi.” Alitoa sauti ndogo, nusu ya kicheko. “Iliniuma kurarua. Kila mmoja akitoka namrarulia chake. Anatoka, nararua. Mwingine anatoka, nararua.”

Nilibaki nimechuchumaa. 

“Uliirarua ukianzia upande mmoja? Bila kuruka?”

“Leso inararuliwa kutoka katikati? Nilianza kwa pindo, nikamaliza kwa pindo.”

Nilimshika mkono, nikamwinua. Muuguzi akapiga kelele kwamba mgonjwa mwenye dawa machoni haendi popote. Tuliingia masjala kama watu wanaokimbia mvua.

“Usiguse vitambaa!” nilimwambia fundi.

Alikuwa ameshika kimoja shingoni. Alikitazama kama nyoka. “Nimejifutia. Hiki nimejifutia. Kilikuwa cha...” Alinyoosha kidole, akasita. Viwili vya kati vilikuwa bado chini ya diski zao. Cha tatu ndicho hicho, na diski moja ya kati ilikuwa imelala juu ya mbao tupu.

“Basi hicho ni cha huyu aliye uchi,” mwaitu alisema alipoelezwa, kwa utulivu wa mtu aliyelea wengi. “Nipeni nguo zao. Mmoja mmoja.”

Nilivuta kila kitambaa kutoka chini ya diski yake na kushikilia diski hiyo mkononi, macho kwenye kitambaa chake, ili isipotee asili. Fundi akashika nyingine. Mwaitu alikaa kwenye kiti chake cha siku zote. Macho yake yalikuwa yamejaa mwanga tu, hakuona ua wala rangi. Alichukua kipande cha kifungua mimba, akakipapasa hadi akapata ule upande uliochanika, akauchukua upande uliochanika wa kipande kingine, akavilaza pamoja na kuvipitishia ukucha. Akatikisa kichwa. Akachukua kingine. Pamba ikiraruka haifuati rula: hapa inaingia ndani kidogo, pale inatoa ulimi, uzi mmoja unavutika na kuacha mfereji. Vidole vyake vilikuwa vinasoma jambo ambalo sisi wenye macho tulikuwa tumelilalia tangu asubuhi.

“Huyu,” alisema, “anamfuata huyu.”

Nikaangalia. Nusu ya ua jeusi kwenye kipande kimoja ilikuwa imekutana na nusu yake kwenye kingine. Nilitaka kulia na nilikuwa nimebeba diski.

Alivipanga vyote hadi pindo la mwisho. Leso ikakaa mezani, ndefu, yenye makovu manne. Tukaweka kila diski juu ya kipande chake. Fundi akaanza kuzichomeka, ya kwanza kushoto, na alikuwa ameshika ya pili alipoganda.

“Mama, ulipowatoa ulianza upande gani?”

“Upande wa mkono wa kula.”

“Kulia?”

“Wewe unakula na gani?”

Fundi aliichomoa ile ya kwanza taratibu sana, akaihamishia upande wa pili.   Sote wawili tulikuwa tumechukulia kwamba dunia nzima huanza kushoto, kama maandishi.

Ilikuwa saa sita kasorobo alipowasha. Kadi ilituuliza maswali yake kwa herufi nyeupe. Alijibu moja moja, akinisomea kila jibu mara mbili. Swali la mwisho lilikuwa ndiyo au hapana. Sista alikuwa ameingia bila sisi kujua, akasimama mlangoni akafanya ishara ya msalaba. Fundi akasema bismillahi. Akabonyeza.

Taa tano za diski zikaanza kupepesa. Ile kazi ya pupa ilikuwa imeanza. Chini ya skrini namba ya asilimia ilisogea kutoka sifuri kwenda moja, na kwa kila nukta niliwaza kwamba kama tumekosea, hivi sasa jicho la mtu fulani linafutwa. Fundi aliingiza diski ya programu yake ya kukagulia, ile inayosoma bila kuandika. Skrini ikawa nyeusi. Ikakaa nyeusi. Mwaitu aliuliza, “Wameamka?”

Kisha majina ya mafaili yakateremka, moja chini ya jingine, kwa herufi ndogo za kawaida kabisa.

“Fungua moja,” fundi alininong'oneza. “Majina peke yake yanadanganya.”

Nilifungua la Jumanne. Mikono yangu ilikosea neno la siri mara mbili. Likafunguka. Majina, vijiji, jicho la kulia, jicho la kushoto, na namba zote zikiwa zimekaa katika safu zao. Nilimwomba Sista karatasi. Hakuniuliza ya nini. Nilinakili kila namba kwa kalamu, nikaisoma kwa sauti, naye akanirudia nyuma yangu kama tunasali rozari. Namba za mwaitu zilikuwa karibu na mwisho. Niliziandika polepole mno, hadi Sista akanigusa bega.

Fundi alitazama saa, akanawa mikono kwenye sinki la wauguzi. “Isiachwe iwake Jumatatu bila nakala,” alisema. “Na mama huyu akitaka kazi, mimi namwajiri.”

Saa saba kasoro dakika chache karatasi ilikuwa mikononi mwa daktari.

Mchana ule ulikuwa mrefu kwa njia nyingine. Benchi ilipungua, mkeka ukapungua. Kila jina lilipoitwa, mwaitu alisogea upande akasema, “Huyu anatoka mbali, aende.” Nilimkemea. Akasema yeye ni mwenyeji, wageni wanapewa kwanza. Saa kumi na nusu alikuwa amebaki peke yake, na nje dereva wa daktari alikuwa ameshawasha gari na kupakia maboksi. Nilisimama mlangoni mwa chumba cha operesheni nikiwa nimeshika ile karatasi ingawa hakuna aliyekuwa akiihitaji tena. Daktari alitoka akavua glavu. Alimwona mwaitu. Alitazama saa ya ukutani, kwa muda ambao nadhani ulikuwa mfupi.

“Huyu ndiye wa leso?”

“Ndiye.”

“Mwambie dereva azime gari.”

Jumamosi asubuhi sikwenda kwa wenzangu wa sentensi. Sista mwenyewe alimfungua bandeji. Mwaitu alipepesa, chozi likateremka kwenye jicho la kushoto, lile lililokuwa limefungwa miaka mingi. Aliangalia ukuta, kisha dirisha, kisha Sista. Mwisho akafika kwangu na kukaa hapo.

“Wewe!” alisema. “Kumbe ni mwembamba hivi? Na mahindi yote nilikupa imeenda wapi?”

Sista alicheka, lakini hakuwa amemaliza. Alikuwa ameshika kadi ya mgonjwa nyuma ya mgongo, nami nilijua ni ya nini: amsomee jina, ijulikane kama kiti chake kipo. Mwaitu pia alijua. Hakungoja kuulizwa. Alinyoosha mkono kwangu.

“Leta leso.”

Nilimpa vile vipande vitano, vimepangwa kwa mpangilio wake. Alitoa sindano kwenye kola ya gauni na uzi mwekundu uliozungushwa kwenye karatasi. Aliuweka uzi mdomoni, akaulowesha, akaukata ncha. Akafumba jicho la kulia, lile lisilopasuliwa, akainua sindano kuelekea dirishani. Uzi ulikwenda, ukagonga chuma, ukapinda. Nilishika ukingo wa kitanda. Aliulowesha tena. Ukaenda taratibu, ukasita mbele ya tundu, ukaingia.

Sista aliiweka ile kadi mezani bila kuigeuza, akaondoka kwenda wodi nyingine. Mwaitu alichukua pindo la kifungua mimba, akaanza kushona.